Je, mrushaji wa besiboli ndiye wa kulaumiwa timu inapofungwa?

Mwalimu wa Nyakato:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nafundisha michezo katika shule moja hapa Mwanza, na vijana wangu huchezea besiboli kwenye kiwanja cha udongo ambacho kila tukiyang'oa mawe, mengine huchomoza mvua ikinyesha. Jumamosi tulifungwa 3 kwa 2. Alama mbili kati ya hizo ziliingia baada ya mpira wa chini kugonga jiwe na kumruka mlinzi. Hata hivyo, wenzake walimnunia mrushaji wetu, yule anayewarushia mpira wapigaji wa timu pinzani, njia nzima, na mmoja akamwambia kwamba hata Marekani kipigo huandikwa kwa jina la mrushaji. Ni kweli?

Mdau wa Kirumba:
Ni kweli, Mwalimu, ila kuandikiwa si kulaumiwa. Kanuni hutazama ni mrushaji gani anayebeba dhamana ya mkimbiaji aliyeleta alama iliyowapa wapinzani uongozi ambao hawakuupoteza tena, hata kama mkimbiaji huyo alifika kituoni kwa kosa la mtu mwingine. Ndiyo maana hutumika pia wastani wa alama anazoruhusu kwa kila raundi 9, ambao hauhesabu zile zilizotokana na makosa ya walinzi. Mwaka 2018 mrushaji Jacob deGrom wa New York Mets alishinda michezo 10 na kuandikiwa vipigo 9, lakini kwa kuwa wastani wake ulikuwa 1.70, alipewa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi. Kwa bahati mbaya, mpira uliogonga jiwe huhesabiwa kuwa pigo halali, si kosa la mlinzi, kwa hiyo hata wastani huo usingemtetea kijana wako. Mawe ya Mwanza hayamo kwenye hesabu za Wamarekani.

Mzee wa Capri Point:
Msimulie habari za Harvey Haddix, mrushaji wa Pittsburgh Pirates. Tarehe 26 Mei 1959, ugenini Milwaukee, aliwatoa wapigaji 36 mfululizo, yaani raundi 12 nzima bila mpinzani hata mmoja kukanyaga kituo cha kwanza. Wenzake walipata mapigo halali 12 siku hiyo, wakashindwa kuyageuza kuwa hata alama moja. Katika raundi ya 13 mlinzi wa kituo cha tatu, Don Hoak, alirusha mpira vibaya, mpinzani akafika kituo cha kwanza salama, na baadaye Joe Adcock akapiga mpira uliomaliza mchezo 1 kwa 0. Kipigo kikaandikwa kwa Haddix.

Binti Igoma:
Shikamooni wakubwa. Naona tunamtetea kijana haraka mno. Mwalimu umetaja alama mbili. Ya tatu iliingiaje? Mrushaji akikosa eneo la kupigia mara nne, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure, na hapo hakuna mlinzi wala jiwe la kusingiziwa.

Mwalimu wa Nyakato:
Marahaba, binti yangu, umenikamata. Katika raundi ya mwisho aliwapa bure wapigaji wawili, na wa kwanza wao ndiye aliyeleta alama ya tatu. Hilo ni lake, na nitamwambia. Ila yule aliyemsema njiani nitamkumbusha kwamba raundi hiyohiyo, tukiwa na wakimbiaji wawili vituoni, mipira mitatu mizuri ilimpita kirungu kikiwa begani, akatolewa. Kesho jioni mmoja atafanya mazoezi ya kulenga, na mwingine atapigiwa mipira mpaka giza liingie. Mawe tutayang'oa wote.