Je, Sanje ijengewe barabara, au Udzungwa ibaki hifadhi ya miguu?

Msafiri wa Dar (mleta mada)

Wanajamvi, salamu. Nimerejea juzi kutoka Mang'ula, wilayani Kilombero, nilikompeleka baba yangu mwenye umri wa miaka 74 akayaone kwa karibu maporomoko ya Sanje, ambayo amekuwa akiyakumbuka tangu alipokuwa kibarua wa reli ya TAZARA mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hatukufika. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ambayo ipo tangu enzi za Mwalimu Nyerere, ni ya kutembea kwa miguu, na anayetaka kuyaona maji yale yanayoanguka takribani mita 170 sharti apande mlima mwenyewe. Baba alipanda kwa nusu saa, akashika shina la mti, akasema goti limekataa. Tukateremka, akaketi kivulini akiwasikiliza vijana waliokuwa wakisimulia jinsi walivyoogelea.

Swali langu ni hili: kwa nini isijengwe barabara nyembamba, au magari yanayoning'inia kwenye waya kama ilivyopendekezwa kwa Kilimanjaro mwaka 2019, ili wazee, walemavu na watoto nao wafike? Najua wapo watakaonijibu kwamba wenyeji watadhurika, lakini niseme ukweli: wenyeji niliozungumza nao hawaijui thamani ya mlima ule. Ukiwauliza habari za hifadhi, wao wanakujibu habari za kuni.

Mzaliwa wa Mang'ula

Ndugu msafiri, nimesoma habari ya mzee wetu nikamwonea huruma, kisha nikafika kwenye sentensi yako ya mwisho, na sasa siwezi kukujibu lingine kabla sijaijibu hiyo.

Umesema tunajibu habari za kuni. Ni kweli, na nitakueleza sababu. Hadi mwaka 2011, sisi wa vijiji vinavyopakana na hifadhi tuliruhusiwa kuokota kuni kavu kwa siku maalumu. Siku ya ruhusa mama yangu aliamka saa kumi alfajiri, akasokota kanga kuukuu ikawa ngata, akaondoka na wenzake kabla hakujapambazuka. Alirudi adhuhuri, na mzigo haukuingia jikoni mpaka aufungue uani na kuuchambua kijiti kimoja kimoja. Kilichoota kuvu alikitupa kando, akisema moshi wake unawasha macho; kilicho kizito alikirudisha juani; kilicholia kama kengele alipokigonga kwenye jiwe ndicho kilichopika ugali wa siku ile. Mwanamke anayeyajua hayo unamwambia haujui mlima?

Na si kuni tu. Wataalamu walipomtambua mangabe wa Sanje mwaka 1979, wakautangazia ulimwengu kwamba ni kima asiyejulikana, wazee wa kwetu walikuwa wanamjua kwa sauti na kwa jina. Hakuwa mgeni kwao. Wageni walikuwa ni hao waliokuja kumwandika. Barabara yako jengeni au msijenge. Mimi nataka neno lile uliondoe.

Mwalimu wa Baiolojia

Nianze kwa kusahihisha tarehe, kwa sababu ina maana yake. Udzungwa haikuwa hifadhi ya taifa enzi za Mwalimu Nyerere. Kabla ya hapo palikuwa na misitu ya akiba, na hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 1,990 ilianzishwa mwaka 1992, katika kipindi cha Rais Mwinyi.

Kuhusu barabara, ninapinga bila kusitasita. Upande wa mashariki wa Udzungwa una jambo ambalo ni nadra sana Afrika Mashariki nzima: msitu unaoanzia bondeni, takribani mita 250 kutoka usawa wa bahari, ukapanda bila kukatika hadi kwenye vilele vinavyozidi mita 2,000. Mnyama au mmea unaohitaji ubaridi zaidi hupanda, unaohitaji joto hushuka, na hakuna kinachouzuia. Ukipasua barabara katikati ya mteremko huo umeukata uzi. Tena tuna mfano hapo hapo jirani. Kihansi imo katika milima hii hii ya Udzungwa, nje ya mpaka wa hifadhi. Maji ya maporomoko yake yalipogeuzwa mwaka 2000 kwa ajili ya umeme, yale marasharasha yaliyokuwa yakiulowesha ukingo wa korongo mchana na usiku yalipungua mno, na chura mdogo wa njano, anayezaa badala ya kutaga mayai, akatoweka porini baada ya miaka michache. Yupo leo kwa sababu baadhi walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa, na tangu mwaka 2012 wamekuwa wakirudishwa kwao kidogo kidogo. Hatukukusudia kumwua. Tulikusudia kuwasha taa.

Ila nimwambie na Mzaliwa, kwa heshima zote, kwamba ruhusa ile ya kuni haikukoma kwa chuki. Palipo na ruhusa ya kuni kavu, panga nalo huingia, na mti mbichi uliokatwa leo huwa kuni kavu wiki ijayo. Nyuma ya wanaookota kuni hupita wanaotega mitego ya nyaya.

Mzaliwa wa Mang'ula

Mwalimu, umeandika vizuri sana juu ya chura, kisha ukafika kwa mama yangu ukamweka mstari mmoja na majangili. Wanawake wale walikuwa na miaka yao sitini, wamejitwisha mizigo kichwani. Huo mtego wa waya wangeutega kwa mkono upi? Kama kuna waliokata miti mibichi, na siwezi kuapa kwamba hawakuwapo, basi wao wangekamatwa kwa majina yao, kuliko kuufunga mlango kwa kaya zote kutoka Mang'ula hadi Sanje.

Na baada ya mlango kufungwa, unafikiri ugali uliacha kupikwa? Kuni zilihamia kwenye mashamba ya watu na kwenye vichaka vya bondeni, na asiyepata kuni akanunua mkaa uliotoka msitu mwingine usio na askari. Mti haukupona, ulibadilishiwa mahali pa kufia.

Mwongoza Wageni

Naomba turudi kwenye hoja, kwa kuwa mimi ndiye ninayeishi kwa njia hiyo mnayoijadili. Wapagazi na waongozaji wa Kilimanjaro walipopinga mradi wa magari ya waya, wengi walidhani wanapinga maendeleo tu. Walikuwa wanatetea siku za kazi. Mgeni anayepanda kwa siku sita humlipa mwongozaji, mpagazi na mpishi. Anayepandishwa na waya kwa dakika chache humlipa mwenye waya. Sanje ni vivyo hivyo kwa udogo wake: mgeni anayetembea kwa muda wa saa nne hulala Mang'ula, hula wali Mang'ula, na kesho yake hununua ndizi kwa ajili ya safari. Akifikishwa kwa gari, adhuhuri yuko Mikumi.

Tena, kutembea ndiko kuiona Udzungwa. Ukiwa ndani ya msitu unayasikia maji muda mrefu kabla ya kuyaona. Shati linalowa jasho, kisha upepo wenye unyunyu unatokea ghafla mbele yako na ngozi inasisimka. Wageni wengi husimama hapo bila kuambiwa. Ukifika juu ya maporomoko na kugeuka nyuma, bonde lote la Kilombero liko chini yako: mashamba ya miwa yamepangwa kwa mistari, na reli imepita kama uzi. Hayo hayaonekani kwa anayetazama kioo cha gari.

Msafiri wa Dar (mleta mada)

Nimesoma michango yote, na nakiri kwamba neno langu kuhusu wenyeji lilikuwa la kidhalilishaji. Nililiandika nikiwa na uchungu wa baba. Mzaliwa, nimeliondoa, na ninaomba radhi kwako na kwa mama.

Hata hivyo, ninasikitika kwamba watu watatu wamezungumza na hakuna aliyemjibu mzee wangu. Mwalimu amenipa chura, mwongozaji amenipa jasho linalogeuka kuwa ubaridi, na baba yangu bado yuko kivulini. Mimi nimefika Chemka kule Hai, kwenye zile chemchemi ambazo wageni huziita maji moto. Gari hufika karibu kabisa na maji, na nimeona bibi akiingiza miguu yake humo, akifurahi kama mtoto. Kwa nini bibi wa Hai apate, babu wa TAZARA akose?

Mkaazi wa Hai

Chemka si maji moto. Ni maji ya uvuguvugu tu, na wengi wakiyaingia huona hata ubaridi. Mtu akitaka maji moto ya kweli na aende Songwe, mkoa wa jirani na Mbeya, ambako maji huchemka kutoka ardhini na kuacha mawe meupe. Lakini msafiri hajasema jambo la pili. Kwa sababu gari hufika karibu, mwisho wa wiki watu hujaa ukingoni mpaka pa kukanyaga pakakosekana, na Jumatatu utakuta chupa za plastiki kwenye mizizi ya mikuyu. Mimi ni wa pale na ninapapenda, na ndiyo maana sitamani Sanje ipate tulichokipata sisi.

Dada wa Kilolo

Kaka zangu, Udzungwa ina pande mbili. Kila mjadala wa hifadhi hii unaanzia na kuishia Mang'ula, kana kwamba sisi wa upande wa Iringa hatupakani nayo. Sisi tuko juu, kwenye baridi, na kuni kwetu si za kupikia tu, ni za kuota moto mtoto asiumwe kifua.

Ninataka kumjibu Mwalimu. Mwaka 2024 taifa lilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo mwaka 2034. Ninauunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa moshi umeharibu macho ya mama zetu. Ila mlango wa kuni ulifungwa mwaka 2011, na mkakati umekuja miaka 13 baadaye. Katika miaka hiyo 13 tulipikia nini? Na hata sasa, mtungi mdogo wa gesi wa kilo sita ukiisha katikati ya mwezi, hauna ngata ya kuutwisha kichwani ukaujaze bure. Unakaa pale kona ya jiko, mtupu, na jirani anakuletea mafiga yake.

Mwalimu wa Baiolojia

Dada wa Kilolo, hoja ya hiyo miaka 13 sina jibu lake, na sitajaribu kulitunga. Nilichokitetea ni msitu, na bado ninautetea, lakini ulinzi uliopaswa kuanza na jiko mbadala ulianza na katazo. Mzaliwa, kwa kumtaja mama pamoja na wategaji nilikosea.

Ningependa pia mfahamu kwamba inawezekana kujenga na kuhifadhi kwa pamoja. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara ilipowekwa lami, eneo la Mang'ula lilijengewa kivuko cha tembo chini ya barabara, ili waweze kutoka milimani kwenda Hifadhi ya Nyerere bila kukutana na malori. Kwa hiyo si kila lami naipinga. Naipinga ile ya kupanda Sanje.

Msafiri wa Dar (mleta mada)

Tembo amejengewa njia, nimefurahi. Na baba?

Mzaliwa wa Mang'ula

Msafiri, radhi yako nimeipokea, na mama nimemsomea. Amecheka kidogo, akauliza huyo mzee wa reli alikaa kambi ipi.

Sasa sikiliza. Hukuambiwa, na aliyekupeleka angepaswa kukuambia: Sanje si maporomoko pekee. Karibu na makao makuu ya hifadhi kuna njia fupi, ya kilomita moja hivi, inayokwenda kwenye maporomoko madogo yaliyopewa jina la Mwanamfalme Bernhard wa Uholanzi, aliyekuja kuifungua hifadhi mwaka ule wa 1992. Si marefu kama Sanje, lakini maji ni ya mlima ule ule. Mbega wekundu nao huonekana upande ule wa chini, hasa asubuhi. Mtu wa miaka 74 akipewa fimbo, kijana wa kumshika mkono, na muda wa kupumzika kila anapotaka, anafika.

Usije katika masika. Kuanzia Machi hadi Mei njia huteleza na goti lake halitastahimili. Njoo Julai, kukiwa kukavu. Mkilala Mang'ula, mtapita kwetu kunywa chai kabla hamjapanda. Tutaichemshia kwenye jiko la mkaa, kwa sababu mtungi umekwisha tangu tarehe nane, na suala hilo la mtungi, Mwalimu, mimi na Dada wa Kilolo bado hatujalimaliza na wewe.