Mrejesho: kusahihisha insha kwa akili bandia

Wakuu, ni mimi yule mwalimu wa Kiswahili wa Moshi niliyeuliza kama naweza kuiachia ChatGPT isahihishe insha 94 za Kidato cha Tatu. Nilianza na kumi nilizokwisha kuzisahihisha mwenyewe.

Kwenye tahajia na uakifishi inanizidi. Ilikamata hata "h" zilizodondoka ambazo usiku mimi huwa sizioni. Balaa ni maksi. Insha ileile, mwongozo uleule: asubuhi 14 kati ya 20, jioni 11. Mlionionya kwamba programu hizi hutunga jibu upya kila zinapoulizwa, mlisema kweli.

Kilichonimaliza ni binti aliyeandika jinsi babu yake alivyompelekea jani la isale jirani aliyegombana naye kuhusu mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Kwa Wachaga, hapo msamaha umeshaombwa. Mashine ikamkata maksi, eti jani halihusiani na mada. Mada yenyewe upatanisho! Mimi nilikuwa nimempa 17.

Sasa inanionyesha makosa ya lugha tu, bila majina ya wanafunzi. Maksi naweka mwenyewe. Zimebaki 61. Na kuchapa kwenye simu insha zilizoandikwa kwa mkono, jamani, hilo hamkuniambia.