Kisongo au KIA kwenda Zanzibar, ipi inawahi?

Mlima Pazia: Wakuu kwema? Nataka kukata tiketi za Zanzibar tuko wanne. Nimeona kuna ndege za kuondokea uwanja wa Arusha pale Kisongo na za KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro. Kwenye ramani KIA ndo iko karibu na Zanzibar, kwa hiyo ndo inawahi si ndiyo? Nalipia leo usiku.

Nguzo Nane: Unatokea wapi? Mizigo kiasi gani? Ndege ya aina gani? Hapo unataka tukupigie ramli.

Tumbiri: Umbali sio ishu mkuu. Kwa mstari ulionyooka KIA hadi Zanzibar ni kama km 390, Kisongo kama 430, hizo 40 angani ni dakika chache tu. Angalia ndege. Caravan, ile ndege ndogo, inaenda kama km 300 kwa saa, andaa saa moja na nusu hivi, ila Q400, ile kubwa ya pangaboi mbili, hata 600 inafika, hewani haimalizi saa. Na uangalie kama haitui Dar kwanza, maana ikitua hesabu yote imekufa

Mama Junia: Mi Caravan sipandi tena!! Tulikuwa tunaenda kwenye harusi na mabegi yale magumu ya matairi, tunafika kaunta tunaambiwa mwisho kilo 15 kila mtu na begi liwe laini, huku kwenye simu hawakusema kitu, basi mabegi yakabaki eti yatafuata na ndege ya jioni, jioni hola, yamekuja kesho yake harusi imeshaisha, nimecheza kwaito na dera la kuazima.

Nguzo Nane: Pole dada, ila uzito hawakuonei. Kisongo iko juu, karibu mita 1,390 kutoka usawa wa bahari, KIA haifiki 900. Mchana jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi, ndege inahitaji kukimbia zaidi ndo inyanyuke, na barabara ya kurukia ndege ya Kisongo ni fupi. KIA wana mita 3,600.

Mama Junia: Sawa ila wangesema mapema, kwani simu inauma?

Shombo: Caravan injini moja halafu juu ya bahari, hapana kwa kweli

Tumbiri: @Shombo bahari ni kipande cha mwisho tu, muda mwingi uko juu ya nchi kavu. Na ile ni injini ya tabaini (turbine), sio pikipiki.

Kiroba Kitupu: Basi la alfajiri mpaka Dar, lala, asubuhi boti. Hela inabaki mfukoni.

Nguzo Nane: Mtu anauliza kuwahi wewe unampeleka km 600 na ushee kwa barabara 😂

Mlima Pazia: Samahani nilikuwa kazini. Niko Usa River, mabegi makubwa matatu, na mama mkwe.

Tumbiri: Ungeanza na hapo! Usa uko katikati kabisa. Mabegi hayo na mama mkwe, nenda KIA.

Shombo: Kisongo nako sio mbali, apite bypass asiingie mjini.

Mama Junia: Bypass yenyewe malori matupu

Shombo: Mi napita kila siku wala sioni hayo malori, labda we unapita saa mbaya

Kiroba Kitupu: Hivi Pemba nako kuna ya moja kwa moja kutoka Kisongo au mpaka ubadilishe Zanzibar?