Naomba ushauri: mkabala wa kuchunguza Kiswahili cha sokoni Arua

Waheshimiwa walimu na ndugu wanaisimu, salaam. Ninaandaa tasnifu ya uzamili kuhusu upatanisho wa kisarufi (jinsi maneno yanavyolingana na ngeli ya nomino) katika Kiswahili cha wafanyabiashara wa Arua, mji wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambapo mzungumzaji mmoja, katika maongezi yaleyale, husema "vitu vyangu" na punde "vitu yangu".

Msimamizi wangu anapendelea sarufi zalishi, ambayo Noam Chomsky aliiwekea msingi mwaka 1957 na ambayo hutafuta kanuni zilizomo akilini mwa mzungumzaji. Mimi navutwa zaidi na mwanaisimujamii William Labov, ambaye katika utafiti wake wa New York uliochapishwa mwaka 1966 alionyesha kwamba tofauti za matamshi hufuata tabaka la kijamii na kiwango cha urasmi wa mazungumzo. Data yangu, kwa maoni yangu, inadai kuhesabiwa: nani hutumia umbo lipi, na mara ngapi. Nimejaribu kuiainisha kwa umri, elimu na lugha ya kwanza (Kilugbara, kwa wengi wao), lakini kila ninapowasha kinasa sauti wahojiwa, hasa vijana, huhamia Kiswahili cha darasani.

Je, inakubalika kitaaluma kuunganisha mikabala hiyo miwili katika tasnifu moja, au watahini wataona nimechanganya misingi inayopingana? Pili, ni mbinu gani, isiyokiuka maadili ya ridhaa, imewasaidia kupata usemi wa kawaida wa watu? Nitafurahi zaidi kusikia kutoka kwa waliofanya utafiti katika masoko ya Uganda.