Mjadala: Je, bima ya afya ilazimishwe kulipia matibabu ya ugumba?

Mleta mada: Wadau, mimi nasema ilazimishwe, tena kwa sheria. Shirika la Afya Duniani linautambua ugumba kuwa ni ugonjwa: wenza wamekutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 au zaidi, mimba haijaingia. Kwa ripoti yake ya 2023, mtu mzima 1 kati ya 6 hupatwa na hali hiyo maishani. Mirija ya uzazi imeziba, yai halipevuki, mbegu za kiume ni chache. Figo ikiugua bima inalipa. Kizazi kikiugua mgonjwa anaambiwa hayo ni matakwa yake binafsi. Kwa nini?

Mchangiaji: Napinga mkuu, ingawa wenye shida hii nawaonea uchungu kweli. Mfuko ni mmoja. Ukiongeza huduma, michango inapanda, na wa kwanza kushindwa kulipa ni mwenye kipato kidogo anayetegemea bima hiyohiyo kwa insulini. Upandikizaji mimba, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kuwekwa tumboni, ni ghali, na mizunguko (majaribio) mingi haileti mtoto.

Mleta mada: Hoja ya gharama naiheshimu. Lakini angalia kinachotokea mtu akijilipia. Amekopa, ana pesa ya mzunguko mmoja tu. Anamsihi daktari aweke viinitete (mayai yaliyorutubishwa) viwili au vitatu kwa mpigo, maana hana nafasi ya pili. Vikishika vyote, mara nyingi wanazaliwa watoto njiti, wanalazwa wiki kadhaa kwenye mashine za joto, na bili ile bima inailipa. Ubelgiji waliliona hilo. Tangu 2003 wanagharimia kazi ya maabara hadi mizunguko 6, kwa masharti: aliye chini ya miaka 36, mzunguko wa kwanza anawekewa kiinitete kimoja tu. Mimba za pacha zikapungua sana. Na kikomo kinawekeka; Ufaransa wanalipia majaribio 4, mwisho mwanamke anapotimiza miaka 43.

Mchangiaji: Hapo umenisogeza kidogo. Basi bima ianze na vipimo vya wote wawili, mume naye apimwe, na vidonge vya kupevusha mayai. Hivyo ni nafuu. Upandikizaji usubiri.

Mleta mada: Vipimo na vidonge nakubali vianze hata kesho. Ila mwenye mirija yote miwili iliyoziba, vidonge havimsaidii kitu, na umri wa mayai yake hausubiri mfuko ujae. Huyo unamwambiaje?