Mrejesho: Video ya osmosisi kwa wanafunzi wa sekondari
Ndugu zangu, niliomba ushauri wa kutengeneza video fupi za sayansi zisizowachosha wanafunzi wa sekondari, nanyi mkanihimiza nianze na swali badala ya fasili. Nimefanya hivyo kwa mada ya osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi: vipande viwili vya kiazi mviringo, kimoja katika maji matupu, kingine katika maji yenye chumvi nyingi, kisha video inasimama ili mtazamaji abashiri kabla ya kuona matokeo. Kile cha maji ya chumvi kilipoinuliwa kikiwa kimelegea hata kupindika, kwa kuwa maji yalikuwa yametoka ndani ya seli zake, wanafunzi walianza kuhojiana wenyewe kwa wenyewe, jambo ambalo mchoro wa ubaoni haukuwahi kuniletea. Muziki nimeuondoa kabisa. Sasa naandaa video ya kanieneo ya hewa, yaani jinsi hewa inavyosukuma kila inachogusa. Nawashukuru kwa dhati.