Re: Tathmini ya usonji kwa video, watoto chini ya miaka 3

Kutoka: Mama Salma

Habari zenu wapendwa. Kuna wazazi waliopewa miadi ya kumpima mtoto usonji kwa simu ya video, na wanauliza mambo matatu: kipimo cha namna hiyo kinaaminika? Nyumbani waandae nini? Na kama mazungumzo yanapitia kwa mkalimani, inakuwaje? Wenye ujuzi naomba mtusaidie.

Kutoka: Neema

Asante Mama Salma. Kwa watoto wengi wadogo kinaaminika, alimradi kifanywe na mtaalamu aliyefunzwa na mzazi afuate maelekezo. Kipimo kinachojulikana zaidi kwa umri huo, TELE-ASD-PEDS, kilitengenezwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, mahususi kwa video. Mtaalamu anaelekeza, mzazi anacheza na mtoto, mtaalamu anatazama. Mzazi ndiye mikono ya mtaalamu, na makosa mengi yanatokea hapo.

Chagua chumba kidogo chenye mlango, zima televisheni, kaka na dada wakae chumba kingine. Toa vitu vichache tu: vibao vya kujengea, kigari, kichezeo kinacholia ukikibonyeza, mapovu ya sabuni, na kitafunwa anachokipenda ndani ya chombo kinachoonyesha, chenye kifuniko kigumu asichoweza kukifungua. Chombo hicho kina kazi kubwa. Mpe kikiwa kimefungwa, kisha tulia. Mtaalamu anataka kuona mtoto anavyoomba: anakutazama usoni kisha anatazama chombo? Anaonyesha kwa kidole? Au anashika mkono wako na kuuweka juu ya kifuniko bila kukutazama kabisa? Mzazi mwenye huruma akikifungua mapema, nafasi hiyo imepotea.

Kumwita jina ni vivyo hivyo. Subiri ashikwe na mchezo, kaa pembeni au nyuma yake kidogo, mwite mara moja kwa sauti ya kawaida, halafu nyamaza na uhesabu moyoni hadi tano. Usimguse bega, usipige makofi, usiongeze "njoo uone pipi". Tumia jina analoitwa nyumbani, hata kama cheti kinasema lingine.

Kamera: weka tableti au laptopu juu ya kiti kifupi, usawa wa kifua cha mtoto, umbali wa kama mita mbili, dirisha likiwa nyuma ya kamera. Dirisha likiwa nyuma ya mtoto, uso unakuwa kivuli na macho hayaonekani, na macho ndiyo yanayotafutwa. Zima picha yenu wenyewe kwenye skrini, la sivyo mtoto atajitazama muda wote. Intaneti nayo ikigandisha picha sekunde mbili pale unapomwita, mtaalamu hatajua kama aligeuka. Kaeni karibu na ruta na wengine nyumbani waache kutazama video. Picha ikiganda, sema palepale ili jaribio lirudiwe.

Mwisho, rekodi mapema video fupi za simu: akila, akiwa na watoto wenzake, na ile tabia inayowatia wasiwasi ambayo huenda isitokee siku ya miadi. Ulizeni kliniki njia salama ya kuzituma.

Kutoka: Juma, mkalimani wa afya

Naongezea upande wa lugha, maana huko ndiko nionako hasara kubwa.

Ombeni mkalimani siku ya kupanga miadi, kwa maandishi. Msimtumie ndugu wa mtoto wala shangazi, maana atalainisha maneno bila kukusudia. Kabla mchezo haujaanza, kubalianeni kuwa mtaalamu aeleze zoezi zima, litafsiriwe, kisha wote kimya mzazi akicheza. Mkalimani akiendelea kusema, mtoto atageukia sauti ya skrini na jaribio limeharibika. Kisikizi kimoja sikioni mwa mzazi kinasaidia sana.

Maneno ya mtoto yafikishwe kama yalivyo. Mtoto akisema "unataka maji" ilhali ni yeye mwenye kiu, mkalimani akafikisha "nataka maji", basi dalili, yaani kujitaja kama "wewe" badala ya "mimi", imefutwa kwa wema tu. Hali kadhalika akirudia sentensi nzima ya katuni au swali aliloulizwa.

Andikeni maneno yote anayosema, kwa lugha zote, na yahesabiwe pamoja. Lugha mbili nyumbani hazisababishi usonji, kwa hiyo msikubali kuambiwa mwache Kiswahili.

Halafu dodoso la M-CHAT-R, ambalo mzazi hulijaza kwa "ndiyo" au "hapana" kuhusu tabia za mtoto, la miezi 16 hadi 30. Lina maswali 20. Jambo ambalo mmeliona mara moja au mbili tu, lakini si kawaida yake, jibu ni "hapana". Angalieni maswali ya 2, 5 na 12: humo "ndiyo" ndiyo inayoashiria wasiwasi, kinyume na mengine. Kila jibu la wasiwasi ni alama moja. Alama 3 hadi 7 zinadai maswali ya ziada kabla ya uamuzi. 8 na zaidi, mtoto apelekwe moja kwa moja kwenye tathmini. Dodoso hili ni la kuchuja tu, halithibitishi usonji.

Kutoka: Mama Salma

Asante sana Kaka Juma, asante Dada Neema. Na mtaalamu akisema hana uhakika?

Kutoka: Neema

Hilo ni jibu halali, Mama Salma, na ni afadhali kuliko kulazimisha. Dalili zikiwa hafifu, au mtoto anaongea vizuri, mara nyingi atahitajika kuonwa ana kwa ana. Usikivu hupimwa kwa vifaa kliniki, si kwa video, na upimwe hata kama mnaamini anasikia. Mtoto aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, au anayeshukiwa degedege, aonwe na daktari haraka bila kungoja miadi ya video.

Ombeni ripoti ya maandishi inayotaja kipimo kilichotumika na kilichoonekana. Tiba ya lugha na mawasiliano ianze wakati mnasubiri, pale inapopatikana. Na kama siku hiyo mtakuwa safarini, semeni mapema, kwa sababu leseni ya mtaalamu kwa kawaida inafuata mahali mtoto alipo, na miadi inaweza kufutwa dakika ya mwisho.